Gemu ya mkakati ndani ya saa 48: mwongozo kamili, kwa mfano wa wavuvi wa dagaa wa Mwanza

Anayeingia kwenye gemu jamu, yaani mashindano ya kutengeneza gemu kuanzia sifuri ndani ya saa 48 au 72, huonywa mapema asiguse gemu za mkakati za wakati halisi, zile ambazo wachezaji huziita RTS. Onyo hilo lina msingi. Gemu ya kurukaruka inataka mhusika mmoja na vizuizi vichache. RTS inataka vikosi vinavyojua njia, uchumi, adui, ramani na menyu, na lazima vyote vifanye kazi pamoja ndipo uanze hata kujua kama gemu inanoga. Wengi hufika Jumapili jioni wakiwa na vikosi vinavyogongana na si zaidi ya hapo.

Hata hivyo inawezekana, ukikubali jambo moja tangu Ijumaa: mvuto wa RTS hautoki kwenye vita wala majengo. Unatoka kwenye uhaba wa macho. Mchezaji ana macho mawili na kidole kimoja, halafu gemu inamwita sehemu tatu kwa mpigo. Kinachoongeza mvutano huo kibaki, kisichoongeza kikatwe, hata kama kilikuwa wazo lako zuri kuliko yote.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: gemu ndogo tuiite Karabai, ya uvuvi wa dagaa usiku katika Ghuba ya Mwanza.

1. Kabla ya Ijumaa: pakua kila kitu

Mashindano makubwa ya aina hii yana kanuni zake. Ludum Dare, iliyoanza mwaka 2002, hutoa saa 48 kwa anayefanya peke yake na saa 72 kwa timu. Global Game Jam ilianza 2009. Soma kanuni za lile unaloingia, hasa kuhusu kodi, yaani maandishi ya programu, na picha ulizotengeneza kabla ya siku.

Kwa vifaa, mimi napendekeza Godot, injini yaani programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, kodi yake iko wazi, na inakwenda hata kwenye laptopu ya kawaida. Injini yenyewe ni ndogo, lakini kuna kifurushi cha pili ambacho wengi hawakijui mpaka saa ya mwisho: violezo vya kusafirishia gemu, ambavyo kwa matoleo ya Godot 4 vinakaribia GB 1. Bila hivyo gemu yako itachezeka ndani ya injini tu. Vipakue mapema, ukiwa na bando la kutosha, kisha tengeneza mradi mtupu wenye mraba mmoja na uupakie mtandaoni mpaka ufunguke kwenye simu. Ukimaliza hapo, sehemu ya kuudhi kuliko zote imekwisha kabla mashindano hayajaanza.

Umeme nao uupangie. Hifadhi kazi kwenye flashi kila baada ya saa mbili, na kama mko timu, kila mmoja awe na nakala yake.

2. Andika mvutano kwa sentensi moja

Mada ya mashindano ikitangazwa, usikimbilie kompyuta. Chukua karatasi uandike sentensi moja yenye neno "lakini". Ya Karabai ni hii: taa ikikaa majini muda mrefu inavuta dagaa wengi, lakini ikikaa muda mrefu bila mtu inaibiwa.

Hii haikutoka hewani. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutega taa juu ya maboya, zamani karabai za mafuta na siku hizi mara nyingi taa za betri au sola, wakasubiri dagaa wakusanyike chini ya mwanga, kisha wakazungushia wavu. Mbalamwezi ikitoka, mwanga wa taa unapoteza nguvu. Wizi wa nyavu na injini nao wavuvi wanaujua vizuri. Ukitazama vizuri utaona gemu imeshajitengeneza yenyewe: kuna kitu kinachokua polepole, kuna hatari, na kuna sababu ya kwenda huku wakati unahitajika kule.

Sentensi yako ikikosa "lakini", au ikihitaji aya nzima kuielezea, tafuta nyingine. Saa moja unayoitumia hapa itakuokolea Jumamosi nzima.

3. Kata, kisha kata tena

Karabai inabaki na hivi tu. Mechi moja ni usiku mmoja, dakika sita, na inaisha jua likichomoza. Ramani moja, inayoenea yote kwenye skrini bila kusogezwa: mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, upande wa chini, mawe yametawanyika majini, na Jiwe la Bismarck pembeni ili mtu wa Mwanza ajue yuko wapi. Vyombo ni aina mbili: mtumbwi wa kazi, unaotega taa na kuleta mzigo, na mtumbwi wa doria, wenye kasi lakini haubebi kitu. Adui ni wezi. Rasilimali ni moja, dagaa, wanaohesabiwa kwa ndoo.

Hakuna kujenga majengo, hakuna mti wa teknolojia (ngazi za kufungua uwezo mpya), hakuna ramani ndogo pembeni, hakuna kucheza wawili kupitia mtandao. Hilo la mwisho nalisisitiza, maana kila timu ina mtu mmoja anayelitaka. Kuoanisha kompyuta mbili katika gemu ya wakati halisi ni kazi ya wiki kadhaa kwa watu wanaojua wanachofanya.

Usione haya kuwa na vitu vichache. Dune II ya mwaka 1992, iliyoweka msingi wa aina hii ya gemu, ilimruhusu mchezaji kuamuru kikosi kimoja tu kwa wakati. Warcraft ya 1994 iliruhusu vinne, StarCraft ya 1998 ikaishia kumi na viwili. Watu walicheza usiku kucha.

4. Kuchagua na kuamuru

Hapa ndipo RTS ndogo zinapofia. Usiguse uchumi wala adui mpaka kuchagua mtumbwi na kuuelekeza kuwe kutamu mkononi. Weka mitumbwi mitano kwenye maji matupu, uicheze kwa nusu saa. Ukichoka, tatizo liko hapo na halitatibiwa na michoro.

Wachezaji wako wengi wako kwenye simu, na simu haina kitufe cha kulia cha kipanya. Kwa hiyo panga amri zote zitoshe kidole kimoja. Ukigusa mtumbwi, umeuchagua. Ukigusa maji, mtumbwi uliochaguliwa unakwenda. Ukigusa taa, unakwenda kuvua. Ukiburuta kidole, unachora kisanduku na mitumbwi yote iliyomo inachaguliwa. Kwenye kompyuta kitufe cha kushoto kifanye kazi ileile.

Kuna mambo madogo manne ambayo hakuna atakayeyasifu ukiyafanya, ila ukiyaacha kila mtu atalalamika:

Eneo la kugusa liwe kubwa kuliko picha. Mtumbwi wa pikseli 16 uweze kuchaguliwa hata kidole kikitua pikseli 24 kutoka katikati yake. Ikiwa miwili iko karibu, chagua ulio karibu zaidi na kidole.

Weka kizingiti cha kuburuta. Kidole hakitulii kamwe, hivyo mwendo wa chini ya pikseli 8 hivi uhesabiwe kuwa ni kugusa. Usipofanya hivyo, kila mguso utachora kisanduku kidogo kisicho na kitu ndani, na mchezaji atadhani gemu ni bovu.

Kisanduku kichorwe upande wowote. Mtu akianza chini kulia na kwenda juu kushoto, upana na urefu vinatoka hasi, na Rect2 (mstatili) ya Godot yenye ukubwa hasi haitatambua kilichomo ndani. Ipitishe kwanza kwenye abs(), inayogeuza ukubwa kuwa chanya. Hitilafu hii inajificha vizuri kwa sababu wewe mwenyewe huwa unaburuta upande uleule kila siku.

Amri ijibiwe papo hapo. Mtumbwi unaweza kuchukua nusu sekunde kugeuka, lakini duara dogo lionekane majini palepale kidole kilipogusa, na sauti isikike. Mchezaji akishajua kwamba amesikika, anaondoa macho na kwenda kwingine. Asipojua, anabaki palepale akigusa tena na tena, na macho yake ndiyo mali unayoichezea.

5. Njia kati ya mawe

Njia ya kawaida ya kutafutia njia inaitwa A*, imekuwepo tangu 1968, na Godot inayo tayari. Kwa gemu ndogo yenye ramani moja ninapenda njia nyingine, rahisi zaidi kuiandika na kuirekebisha.

Gawa ramani kuwa gridi, tuseme vigae 40 kwa 24, jumla 960. Mchezaji anapogusa mahali, anza na kigae hicho na ukipe namba 0. Majirani zake ambao si jiwe wape 1, majirani wa hao wape 2, endelea hivyo mpaka ramani yote ijae. Sasa kila mtumbwi uliopewa amri hiyo unatazama vigae vinavyouzunguka na kwenda kwenye chenye namba ndogo kuliko vyote. Hesabu umefanya mara moja, na mitumbwi kumi inaitumia yote. Vigae 960 ni kazi ndogo sana kwa kompyuta yoyote ya leo.

Ukiruhusu kwenda mshazari, zuia kukata kona: kama kimojawapo cha vigae viwili vya pembeni ni jiwe, mshazari huo ufungwe. Vinginevyo mitumbwi itapita ndani ya pembe za mawe.

Mitumbwi isipandane. Kila hatua, angalia kila jozi. Ikiwa iko karibu kuliko jumla ya nusu-upana wao, isukume mbali, kila mmoja nusu ya ule mwingiliano. Mitumbwi 20 ina jozi 190, mitumbwi 40 ina 780. Usihangaike na mbinu za kuharakisha, hujafika huko.

Inabaki kero moja maarufu: mitumbwi sita iliyotumwa mahali pamoja hufika ikaanza kugombea nukta moja, ikitetemeka bila kutulia. Dawa yake ni kanuni fupi: mtumbwi ukiwa karibu na mwisho wa safari, na ukagusa mwenzake mwenye amri ileile ambaye ameshasimama, nao usimame. Kundi litajipanga lenyewe.

Ukitaka ladha ya ziwa, ongeza gugu maji. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo mafungu ya gugu yaondoke ufukweni polepole na kufunga mapito kati ya mawe. Kiufundi ni vigae vilivyozibwa vinavyohama. Rudia hesabu ya namba kila nusu sekunde na mitumbwi itazunguka. Lakini hiki kiwe cha Jumapili asubuhi, kama muda upo.

6. Uchumi: fanya hesabu kwenye karatasi

Tuseme mtumbwi mmoja wa kazi huleta ndoo 30 kwa dakika, na mtumbwi mpya unagharimu ndoo 30. Unaanza na miwili. Mchezaji mwerevu ananunua kila anapopata, kwa hiyo dakika ya kwanza ikiisha ana minne, ya pili minane, ya tatu kumi na sita, ya nne thelathini na miwili, ya tano sitini na minne. Ziwa limejaa, wezi hawana pa kupita, na tangu dakika ya pili hakukuwa na uamuzi wowote wa maana.

Kuna anayetibu kwa kupandisha bei ya kila mtumbwi mpya. Inafanya kazi, ila haimpi mchezaji jambo la kufikiria. Dawa bora ni kufanya mahali pachoke. Kila eneo la maji linatoa ndoo 40, kisha linahitaji dakika nzima kupumzika. Maeneo manne ya karibu na mwalo yanatosha kulisha mitumbwi miwili mitatu. Wa nne lazima uende nyuma ya mawe, na wa tano mbali zaidi. Hapo kila mtumbwi unaonunua unaongeza mapato na pia unaongeza mahali pa kutazama. Faida na mzigo vinakuja pamoja, na mchezaji anajiwekea mwenyewe kiwango cha ugumu.

Angalia pia muda wa kurudisha gharama. Mtumbwi wa ndoo 30 unaoleta 30 kwa dakika hujilipa kwa dakika moja, hivyo ulionunuliwa baada ya dakika ya tano hautajilipa kabla ya jua kuchomoza. Usimwambie mchezaji. Kugundua saa ya kuacha kununua ni sehemu ya utamu.

Mtumbwi wa doria nao uwe ndoo 30. Bei zikilingana, swali linabaki wazi: nile au nilinde?

Namba hizi zote, bei, kasi, muda, ziweke kwenye faili moja. Utazibadilisha mara nyingi mno kuanza kuzisaka ndani ya kodi.

7. Kupigana, kwa kifupi

Vyombo viwili vya pande tofauti vikikaribiana, kila kimoja kinapunguza nguvu ya kingine kila sekunde. Inatosha. Lakini ujue kinachotokea kimahesabu. Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha mwaka 1916 kwamba pale ambapo kila mmoja anaweza kumlenga yeyote, nguvu ya kundi inakwenda kwa mraba wa idadi yake. Chukua kumi dhidi ya kumi wenye uwezo sawa, ila upande mmoja umekuja watano kwanza, watano baadaye. Waliokaa pamoja wanamaliza kundi la kwanza wakiwa na nguvu ya karibu 8.7, la pili wakiwa na 7 hivi. Walianza sawa, mmoja amebaki na saba, mwingine hana kitu.

Maana yake kwa gemu yako: kutawanyika ni hatari kubwa kuliko inavyoonekana, na uchumi wako tayari unamlazimisha mchezaji atawanyike. Hiyo ni nzuri. Ila ukiona pambano moja linaamua mechi nzima, weka mapito membamba kati ya mawe, ambamo wachache tu wanaweza kukutana kwa wakati mmoja. Wingi hapo unapungua nguvu.

8. Mwizi asiyefikiri

Adui mwenye akili hakuna atakayemaliza kumtengeneza kwa wikendi. Mpe mwizi kanuni tatu, azipitie kila sekunde mbili: kama doria iko karibu, kimbia, kama umebeba taa, rudi ulikotoka, vinginevyo nenda kwenye taa iliyo mbali zaidi na mtumbwi wowote. Kanuni hiyo ya tatu inamfanya aonekane mjanja kuliko alivyo.

Ratiba yao iwe ya saa, si ya kubahatisha. Dakika ya kwanza mmoja, ya pili wawili pamoja, ya tatu wawili kutoka pande mbili zilizo mbali. Utaona wachezaji wanawamudu wanne waliokuja kwa mkupuo, halafu wanashindwa na wawili wa pande mbili. Ukitaka kuongeza ugumu, ongeza umbali kabla ya idadi.

9. Giza, picha na sauti

Usiku unakuokoa. Katika Godot, CanvasModulate inafanya skrini yote kuwa nyeusi na PointLight2D inatoboa mwanga kuzunguka kila taa na mtumbwi. Kwa kazi ya saa moja umepata ukungu wa vita, yaani giza linaloficha sehemu za ramani, umeficha michoro duni, na ramani isiyosogezwa imekuwa na pembe za kuogopa. Mawe yawe vivuli tu.

Sauti rekodi kwa simu: maji yakipiga ubao wa mtumbwi, injini ikiwaka, vyura. Ukirekodi Kirumba mwaloni, nenda kabla soko halijachangamka. Wizi unapoanza, sauti isikike kutoka upande husika, kushoto au kulia, ili sikio lilisaidie jicho. Mwishoni jua likichomoza, mvuvi mmoja aseme "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na hesabu ya ndoo itokee.

10. Mpe mtu, kisha unyamaze

Jumamosi jioni mpe gemu mtu asiye wa kompyuta: dada mwenye duka, kijana wa boda. Usieleze chochote. Ukiulizwa, jibu "jaribu tu". Andika mambo mawili: mahali alipogusa na pasitokee kitu, na kila kipindi alichokaa zaidi ya sekunde tano hana la kufanya. La kwanza ni kosa la vidhibiti, la pili ni kosa la ratiba au uchumi. Maoni yake ya kwa mdomo yasikilize kwa adabu, ila amini zaidi mikono yake.

11. Kupakia

Acha saa tatu za mwisho kwa hili, na usiongeze kitu tena. Kwenye itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, gemu ya kivinjari inapakiwa kama zipu yenye faili la index.html ndani. Tumia Godot 4.3 ya mwaka 2024 au ya baadaye, ambayo inaruhusu kusafirisha bila nyuzi nyingi za uchakataji. Inapunguza matatizo kwenye vivinjari vya simu. Kagua majina ya mafaili: Windows haijali kama ni Taa.png au taa.png, lakini gemu ikishasafirishwa inajali, na picha hazitaonekana. Weka pia kitufe cha "Gusa kuanza" mwanzoni, kwa kuwa vivinjari huzuia sauti mpaka mtumiaji aguse skrini kwa mara ya kwanza. Andika maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, mistari mitatu kila moja, pamoja na picha moja ya taa zikiwaka gizani. Halafu tuma kiungo kwa mtu anayetumia simu na mtandao tofauti na wako, umwombe acheze mpaka jua lichomoze kabla hujabofya kuwasilisha.